Mtu wa Kumi na Nne

Kila siku saa moja na nusu asubuhi, Bi Zabibu huweka kisahani cha vitumbua vitatu juu ya kaunta ya studio yangu, kisha hukaa kwenye stuli mbele ya pazia la bluu. Ndala huzivua mlangoni, ingawa nimemwambia mara nyingi kuwa hakuna haja. Mimi huwasha taa mbili, ya kulia na ya kushoto, na kumpiga picha moja. Huitazama kwenye kioo cha kamera. Shavu moja likiwa limeng'aa kuliko jingine, nasogeza taa kidogo na kupiga tena. Mashavu yakilingana, siku yangu ya picha za pasipoti na vitambulisho imeanza.

"Nimekaa sawa?" huuliza.

"Umekaa sawa, bibi."

"Basi ifute, isije ikazeekea humo."

Naifuta. Yeye hujitwika beseni lake la vitumbua na kwenda sokoni. Tumefanya hivyo kwa miaka miwili, tangu nilipomaliza chuo Mwanza nikarudi Tabora, na baba akanipa chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Gongoni nifanyie kazi.

Jumanne ile aliweka kisahani kwenye ngazi, nje. Ndala hakuvua.

"Shikamoo, bibi. Pita, taa ziko tayari."

"Marahaba. Leo zipimie ukuta."

Akainua beseni akaondoka. Nilisimama na kamera mkononi nikimtazama mpaka akakata kona kwenye duka la mahindi. Sikumwita. Nilijua sababu, na sababu yenyewe ilikuwa bado iko wazi kwenye kompyuta yangu: picha ya watu kumi na watatu mbele ya mlango, imenyooka pande zote.

Picha hiyo niliipiga Jumapili, Kwihara, nyumbani kwa Bi Zeyana. Bi Zeyana ni mjane wa miaka sabini na tisa. Wazee wake walitoka Omani kwa biashara, wakajenga pale wakati barabara inayopita mbele ya nyumba ilikuwa njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Siku hizi inapitisha bodaboda na magunia ya mkaa. Nyumba ni ndefu na ya chini, kuta nene za udongo, paa la mabati. Katikati kuna mlango wa kuchonga wenye mbao mbili, na mfaa umesimama kati ya mbao hizo kama pua usoni. Kulia kwa mlango kuna baraza, kushoto kuna baraza, urefu mmoja. Aliyeijenga alijua anachofanya.

Binti yake, Wafaa, alikuwa amekuja kutoka Muscat baada ya miaka kumi na mmoja, na Alhamisi alikuwa anarudi. Bi Zeyana akataka picha moja ya wote. Alimpigia simu mwanawe mkubwa, Ghalibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na Ghalibu akanipigia mimi.

Lazima niseme jambo moja kuhusu namna ninavyofanya kazi, la sivyo kilichotokea hakitaeleweka. Mimi si msemaji. Mpiga picha za watu wengi anatakiwa kuamrisha: wewe sogea, wewe kaa, wewe inua kidevu. Kumwamrisha mtu mzima mimi siwezi, sauti inaishia kooni. Chuoni Mwalimu Nikolaus alitufundisha kutafuta kwanza mstari wa katikati, halafu kupanga kila kitu kulia na kushoto kwa uzito mmoja. "Picha ya watu wengi isiyo na katikati ni meza ya miguu mitatu," alikuwa akisema. Wenzangu waliona ni masharti ya kizee. Mimi niliona ni msaada. Nikishakuwa na mstari, anayeamrisha ni mstari. Nasema tu, "Mlango unataka mtu mmoja zaidi upande huu," na mtu anasogea. Hajaamrishwa na mimi. Ameamrishwa na mlango.

Kwa hiyo Jumapili nilimweka Bi Zeyana kwenye kiti mbele ya mfaa. Ghalibu na mkewe kulia, Wafaa na mumewe kushoto. Fauzi, mdogo wao anayefanya biashara Bukene, nilimweka kulia na mkewe Sheima. Wajukuu nikawagawa kwa vimo. Kulia sita, kushoto sita, na mama katikati. Ilikuwa picha ambayo ningeweza kuikunja katikati kama karatasi.

Bi Zabibu alikuwa mtu wa kumi na nne.

Yeye alizaliwa uani kwa nyumba ile. Bibi yake, watu wa Kwihara husema, alikuja na misafara, na wakishasema hivyo hunyamaza. Ghalibu, Wafaa na Fauzi wote wamebebwa mgongoni kwake, na mpaka leo wanamwita Mama Zabibu. Alipoolewa alihamia Gongoni, nyumba mbili kutoka kwetu, lakini hakuna sikukuu wala msiba wa Kwihara asioitwa. Siku ile tulikwenda pamoja kwa bajaji. Alikuwa amevaa dera la zambarau lililopigwa pasi mpaka mikono, na amepaka wanja. Njiani aliniuliza kama ushungi wake unakwenda na mlango ule, maana mlango una rangi ya kahawia. Nilimwambia unakwenda.

Sasa alisimama karibu na mimi, mikono ameikutanisha mbele, anangoja kuambiwa aende wapi.

Nikimweka kulia, kulia wanakuwa saba. Nikimweka kushoto, vivyo hivyo. Nikimweka nyuma ya Bi Zeyana, anauziba mfaa. Wote walikuwa wananitazama. Jua lilikuwa limeshuka, na kivuli cha tangi la maji lililo juu ya mnara wa matofali kilikuwa kimeanza kuwaingia wale wa kushoto. Ilibidi mtu ashike shuka jeupe upande huo ili lirudishe mwanga kwenye nyuso zao. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na stendi ya kazi hiyo hiyo. Sikuitoa.

"Bi Zabibu," nikasema, "nishikie shuka."

Alitazama safu ya kulia, akatazama safu ya kushoto.

"Lete," akasema.

Akalishika vizuri sana. Nilimwonyesha mara moja tu, akajua mwenyewe kulilaza kidogo ili mwanga usiwachome macho watoto. Nikapiga. Nilikusudia kupiga nyingine akiwa ndani. Wallahi nilikusudia. Lakini nilikuwa bado nawaza mahali pa kumweka, Wafaa akapiga makofi na kusema, "Haya jamani, pilau linapoa," na safu ikavunjika. Neno "ngojeni" lina herufi saba tu. Nilianza kukunja miguu ya kamera. Bi Zabibu alilikunja shuka mara nne, kona kwa kona, akanikabidhi, akaenda jikoni kupakua.

Usiku kwenye kompyuta niliona kitu ambacho sikukiona kule. Ukingoni mwa picha, kushoto kabisa, vilitokea vidole vyake vinne vimeshika shuka. Kulia hakukuwa na kitu cha kuvilinganisha. Nikakata kushoto kiasi cha inchi moja, na kulia nikakata kiasi hicho hicho ili mfaa ubaki katikati. Nikaipeleka kusafishwa kwa ukubwa wa fremu, nakala mbili.

Jumatatu alasiri Ghalibu alimtuma mtu kuzichukua. Alimtuma Bi Zabibu.

Aliifungua bahasha juu ya kaunta na kuitazama picha kwa muda mrefu. Alimgusa kila mtoto kwa ncha ya kidole, bila kuacha alama.

"Imelingana," akasema. "Kulia sita, kushoto sita."

"Ndiyo, bibi."

"Na mwanga umewafika."

"Umewafika. Ulishika vizuri."

Akapeleka kidole mpaka ukingoni.

"Shuka lilikuwa linafika hapa."

"Nimekata kidogo pembeni," nikasema. "Ili zilingane."

"Eeh," akasema. "Pembeni ndiko kunakokatwa."

Akazirudisha kwenye bahasha, akaifunika kwa khanga isipigwe na jua, akaenda. Hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa rahisi kwangu.

Kwa hiyo Jumanne ile nilizipimia taa ukuta, kama alivyoniambia. Ukuta hauna mashavu. Mteja wa tatu, muuguzi aliyetaka picha za kitambulisho, aliitazama picha yake na kuniuliza, "Dada, huku nimeungua na nini?" Nikampigia upya mara tatu. Mchana nilifunga studio na kwenda kwa Bi Zabibu.

Alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anaosha mchele wa kulowekwa kwa ajili ya kesho. Alinikaribisha mkekani. Alinipa maji ya kunywa. Aliniuliza habari za baba na za mgongo wa baba. Nilijibu zote, halafu nikaanza kueleza. Nilimweleza kuhusu jua la saa kumi, na jinsi tangi lilivyowekwa vibaya, na jinsi kivuli kinavyosogea haraka mwezi huu. Nilimweleza kuhusu mstari wa katikati. Nilimweleza hata habari za Mwalimu Nikolaus na meza yake. Nilisema mengi kuliko ninavyosema kwa wiki nzima.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi habari za tangi nimezisikia." Akamwaga maji ya mchele kwenye mchicha wake. "Na huyo mwalimu wako mwambie kigoda changu kina miguu mitatu, na hakijaniangusha tangu nikiwa mwali."

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini alinisogezea sahani ya karanga.

"Mimi nyumba ile nimeshika vitu vingi," akasema. "Nimeshika watoto wao, nimeshika masufuria yao. Siku mzee wao anakata roho umeme haukuwepo, mimi ndiye niliyeshika taa. Shuka haliwezi kunishinda, Shamila. Usidhani nimeona uzito wa shuka."

"Sidhani hivyo, bibi."

"Ila wanja ule nilikuwa sijaupaka tangu marehemu mume wangu afe. Nikajipaka mtu mzima na akili zangu, nikaenda kusimama nyuma ya kitambaa." Akachambua chuya mbili tatu akazitupa. "Mambo ya kujitakia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno nilikuwa nayo, niliyapanga njiani. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Picha ile nitairudia. Ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Nyumba. Nyumba imeinama kidogo."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kainyooshe."

Kesho yake asubuhi hata kisahani hakikuwepo kwenye ngazi. Wafaa alikuwa anaondoka Alhamisi alfajiri. Nilikuwa na siku hiyo moja. Nikaenda dukani kwa Ghalibu, nikamkuta kati ya mabomba na mifuko ya saruji, nakala yake bado iko kwenye bahasha nyuma ya meza; ya pili alikuwa ameshampa Wafaa.

"Imeinama wapi?" akauliza. "Mbona mimi naiona imenyooka?"

"Kidogo sana, mzee. Jicho la kawaida halioni."

"La kawaida halioni, ila hiki kinaona." Akanyoosha mkono kwenye rafu na kushusha pima maji mpya, bado ina karatasi. Akaipima meza kwanza, akaisimamisha picha juu yake ikiegemea mfuko wa saruji, akaweka pima maji kwenye kizingiti cha mlango, pale pichani. Wateja wawili walisogea kuangalia. Kiputo cha hewa ndani yake kilitulia katikati kabisa, kati ya mistari miwili.

"Umeona?" akasema Ghalibu. "Imenyooka kuliko nyumba yenyewe. Wewe ni fundi, usijidharau. Nikipata mjenzi kama wewe nitampa kazi leo leo."

Nikasema kuwa hata hivyo ningependa kuirudia, bure, leo, saa kumi. Akanitazama kama mtu anayetazama mteja anayerudisha msumari mzima. Lakini ni mpole. Alimpigia mama yake, akaweka sauti ya nje.

"Mpiga picha anasema nyumba imeinama," akasema.

"Imeinama miaka hamsini," akajibu Bi Zeyana. "Ila Wafaa asipeleke Muscat picha iliyoinama, shemeji zake watatuchangia saruji. Mwambie aje."

"Na Bi Zabibu naye aje," nikasema haraka.

"Lazima aje," akasema Ghalibu. "Nani mwingine atakushikia shuka?"

Alisema bila ubaya wowote, huku anairudisha pima maji kwenye rafu. Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. "Nina stendi," ndilo jibu nililotoa.

"Aje tu. Mama anataka na nazi zikunwe, wageni wa kuaga watakuwa wengi."

Saa kumi kasorobo nilikuwa Kwihara. Nilikuwa nimepanga njia ya kulimaliza jambo bila kusema neno. Stendi ningeisimamisha mapema na kulifunga shuka, ili pasiwe na cha kushika. Halafu kwenye safu ya kushoto, kati ya Wafaa na binti yake mkubwa, ningeacha nafasi ya mtu mmoja. Bi Zabibu angetoka jikoni, angeona nafasi, Wafaa angemwona na kumvuta mkono, na mambo yangekwisha. Saba kushoto, sita kulia. Nilikuwa nimeshakubali.

Watu wakajipanga haraka kwa kuwa sasa walijua mahali pao. Nafasi ilikaa wazi kwa dakika nzima. Kisha Sheima, mke wa Fauzi, akaiona kutoka upande wa pili.

"Hapo mmeacha pengo," akasema. "Fauzi, mtoe mtoto mmoja huku azibe, dada wa watu asituone wazembe."

"Hapana, hapo—" nikasema.

"Usijali, mpenzi. Tunakusaidia."

Mtoto akavuka, akaziba. Kulia wakawa watano. Ghalibu akaona haikukaa vizuri, akamwambia Wafaa asogeze wake mmoja mkubwa kulia, na kabla sijasema kitu wakawa tena sita na sita.

Bi Zabibu akatoka jikoni. Dera lake lilikuwa la kazi, mikononi bado ana weupe wa nazi. Wanja hakuwa nao. Alikwenda moja kwa moja kwenye stendi, akaitikisa kwa kidole.

"Mti huu hauna akili," akasema. "Upepo ukija utamwangukia mtoto." Akalifungua shuka kwenye vibanio, akalishika mwenyewe kwa mikono miwili, akalilaza kidogo, kama alivyojifunza Jumapili.

"Kama Jumapili jamani," akasema Wafaa. "Kila mtu mahali pake, tabasamu, tukale."

Nikaweka jicho kwenye kamera. Mistari ya kioo ilikaa juu ya nyumba kana kwamba ilichorwa kwa ajili yake. Mfaa katikati. Baraza kulia, baraza kushoto. Mwanga ulikuwa mzuri kuliko wa Jumapili, hata kivuli cha tangi kilikuwa bado mbali kidogo. Ukingoni kushoto vidole vinne vyenye nazi vilitokea, na mkono wangu bila kuambiwa ukaanza kuisogeza kamera ili vitoke.

Nikauondoa mkono. Nikatoka nyuma ya kamera.

"Nyumba haijainama," nikasema.

Hakuna aliyesikia isipokuwa Ghalibu.

"Si nilisema?" akamwambia mkewe. "Pima maji haidanganyi."

"Haijainama," nikasema kwa sauti zaidi. "Nilidanganya. Picha ya Jumapili haina kasoro ya nyumba."

"Sasa sisi tumesimama juani kwa ajili ya nini?" akauliza Bi Zeyana. Hakuwa mkali. Alitaka kujua tu.

"Kwa sababu Bi Zabibu hayumo."

Wafaa akageuka kumtafuta, akamwona pale nyuma ya shuka. "Mama Zabibu? Hayumo kwenye nini?"

"Kwenye picha, dada. Ya Jumapili."

"Yumo," akasema Wafaa. "Nimeitazama ile picha siku mbili. Juzi nimewaonyesha watu wa Muscat kwa simu, mmoja mmoja kwa jina." Nilimwona anawahesabu kichwani, midomo inacheza. "Nilidhani yumo," akasema.

Fauzi akatazama chini. Ghalibu akaivua kofia yake, akaivaa tena. Shuka halikutikisika.

"Shamila, mwanangu, piga," Bi Zabibu akasema kutoka pembeni. "Watu wana wageni. Mimi hapa naona vizuri."

"Na akiingia, akae wapi?" akauliza Bi Zeyana. Nilimsikia kuwa naye anatafuta, kama nilivyotafuta mimi. "Si umesema mwenyewe pande lazima zilingane? Kulia watazidi, au kushoto watazidi."

"Wazidi, bibi."

"Na shuka nani atashika?"

"Hakuna. Stendi ikisimama, isimame. Ikianguka, upande wa kushoto utakuwa na kivuli. Wataonekana hivyo hivyo."

Wote walikuwa wananitazama tena, kama Jumapili, na safari hii sikuwa na mlango wa kuusingizia. Nilipita mbele ya safu yote, nikaenda mpaka alipo Bi Zabibu, kwa kuwa nilijua nikisema kutoka mbali sauti haitafika. Nikashika upande mmoja wa shuka. Yeye hakuachia upande wake.

"Bi Zabibu," nikasema, "Jumapili stendi hii ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikuitoa. Nilikupa shuka kwa sababu ulikuwa mtu wa kumi na nne, na mimi niliona haya kuwaambia watu wasogee. Si mlango uliokutoa. Ni mimi. Usiku vidole vyako vikatokea pembeni, navyo nikavikata. Jana nilikuja kwako kukuomba msamaha, nikakueleza habari za tangi. Naomba unisamehe. Na naomba uniachie hili shuka, unawe mikono, uje usimame humu unapotaka wewe, hata kama ni mbele ya mfaa."

Akaachia upande wake wa shuka, akaenda kunawa.